Hivi Warusi wa kale kweli walikuwa wanamchezesha binti mpaka afe? Wajuzi wa densi njooni

#1 Kijiti cha Ubani
Wakuu, salaam.

Juzi usingizi uligoma, nikawa napekua video mpaka saa nane za usiku, nikakutana na kitu kikanikalisha kitako. Wachezaji zaidi ya 30, wanawake kwa wanaume, wote Waafrika, wako ufukweni jua linazama. Hakuna ngoma hata moja. Muziki ni wa okestra, unashtuashtua kama injini inayogoma kuwaka halafu ghafla inanguruma. Wanacheza peku mchangani, wanajikita viwiko tumboni, wanakimbia kwa makundi, pumzi zao unazisikia. Kuna gauni jekundu wanapeana kama wanapeana kaa la moto. Mwisho msichana mmoja anavishwa, anacheza peke yake wengine wakimkodolea macho, mpaka anaanguka kifudifudi. Imeisha hapo.

Nikafuatilia, nikaambiwa ni mila ya Warusi wa kale: baridi ikielekea kuisha wanachagua binti, anacheza mpaka anakata roho, ndipo ardhi inachipua. Ninachouliza, ni kweli hiyo au ni mambo ya jukwaani tu? Na kama ni ya Warusi, imefikaje kwa Waafrika wa ufukweni?

#2 Mla Kashata
Siti ya mbele. Nimekuja na kahawa yangu.

#3 Mtoto wa Likoni
Hiyo ilichezwa Dakar 2020. Muziki ni wa Igor Stravinsky, Mrusi. Na ni kweli kabisa, Waslavi kabla ya Ukristo walikuwa na mungu wao Yarilo, wakimtolea msichana kila mwaka. Kitu kinajulikana hicho.

#4 Shangazi wa Baridi
Likoni, mwanangu, umepata nusu. Si Dakar mjini. Ni Toubab Dialaw, kijiji cha pwani kusini mwa Dakar, kwenye shule ya densi ya École des Sables ya mama Germaine Acogny. Walikuwa wamefanya mazoezi wiki nyingi, wako tayari kufungua pazia Dakar mwezi Machi 2020, korona ikaingia, kila kitu kikafungwa. Kabla hawajatawanyika wakashuka ufukweni wakacheza mara moja, wakarekodiwa. Ndiyo hiyo video.

Na hatua hizo hakuzitunga Mwafrika wala Mrusi. Ni za Pina Bausch, Mjerumani, alizitunga Wuppertal mwaka 1975.

Mimi niliwaona kwa macho yangu London, Juni 2022. Acheni niwaambie kilichonishangaza kuliko densi yenyewe. Wakati wa mapumziko watu hawakwenda kununua vinywaji. Mafundi wa jukwaa waliingia na mapipa ya udongo mweusi, wakaumwaga sakafuni, wakausambaza kwa reki na mifagio taratibu kama watu wanaoandaa kitalu cha miche. Ukumbi mzima umekaa unawatazama. Walipomaliza wakapigiwa makofi! Halafu wachezaji wakaingia, na mpaka mwisho ule udongo umewaganda usoni, mapajani, kwenye nguo. Hawawezi kuigiza uchovu pale, wamechoka kweli.

#5 Kijiti cha Ubani
Asante shangazi. Kwa hiyo muziki Mrusi, hatua Mjerumani, miguu Mwafrika, mtazamaji mimi wa Tanga. Hii si densi, hii ni pilau.

#6 Babu Samovari
Nimeona mtu kasema "kinajulikana". Kinajulikana na nani?

Mimi nilisoma Moscow miaka ya 80, pale chuo cha Lumumba, uhandisi, na kwa sababu tiketi za majumba ya sanaa zilikuwa bei ya mkate nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi. Tuanzie mwanzo. Kazi yenyewe inaitwa Le Sacre du printemps, Kirusi Vesna svyashchennaya. Ilifunguliwa Paris tarehe 29 Mei 1913, katika Théâtre des Champs-Élysées, na kampuni ya baleti ya Sergei Diaghilev. Muziki Stravinsky, hatua Vaslav Nijinsky, mapambo na mavazi Nicholas Roerich. Huyu Roerich msimwone mchoraji tu, alikuwa pia anachimba makaburi ya kale ya vilima huko Urusi, anaujua ukale kwa koleo. Walikaa yeye na Stravinsky mwaka 1911 Talashkino, karibu na Smolensk, kwenye shamba la Tenisheva, mwanamke wa tabaka la juu aliyekuwa amekusanya mavazi na nakshi za wanakijiji. Mavazi ya 1913 yalitoka kwenye roho ile. Hayo ni ya kweli.

Lakini binti kucheza mpaka afe? Hakuna. Stravinsky mwenyewe kaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mwaka 1910, akimalizia muziki wa Ndege wa Moto, alijiwa na njozi: wazee wamekaa duara, wanamtazama msichana anacheza mpaka mauti. Njozi! Na mahali pengine huyohuyo alisema muziki ndio uliotangulia, hadithi ikafuata. Muungwana alikuwa anabadilisha maelezo kama anavyobadilisha tai.

Walichokuwa wanachoma Warusi ni mwanasesere wa majani makavu. Niliona mwenyewe. Ni sherehe ya kuaga baridi, kabla ya Kwaresima. Enzi zile serikali haikutaka jina lake la Maslenitsa lenye harufu ya kanisa, wakaita "Kuiaga Baridi ya Kirusi". Kuna chapati nyembamba, kuna chai, kuna watu wanavuta kamba kwenye theluji, halafu sanamu la mwanamke wa majani limevishwa kitambaa kichwani linatiwa moto. Watoto wanashangilia. Hakuna aliyekufa isipokuwa mimi kwa baridi.

#7 Nyuki wa Tabora
😂😂 Shikamoo babu. Uzi umepata mwenyewe.

#8 Profesa Asiye na Cheti
Babu, kwa heshima zote, usifunge mlango haraka. Ibn Fadlan, mjumbe aliyetumwa kutoka Baghdad, mwaka 922 alikuwa kwenye Mto Volga. Aliwaona watu aliowaita Rus wakimchoma mkubwa wao aliyekufa, ndani ya jahazi, pamoja na kijakazi aliyejitolea kufa naye. Kaeleza hatua kwa hatua: binti analeweshwa, anaimba, anauawa. Sasa utasema hadithi ya msichana wa kafara imetoka hewani?

#9 Babu Samovari
Nilijua atakuja mtu na Ibn Fadlan. Hao Rus, wanazuoni wengi wanasema walikuwa Waskandinavia, wafanyabiashara wa mito, na ugomvi wa nani hasa walikuwa haujaisha mpaka leo. Pili, hayo ni mazishi, si sherehe ya kukaribisha majira. Tatu, hakucheza mpaka afe, aliuawa. Umeleta maiti isiyo ya kesi hii.

#10 Profesa Asiye na Cheti
Kwani sanamu la majani linachomwa badala ya nini? Katika jamii nyingi za kale mnyama alichukua nafasi ya mtu, kisha sanamu likachukua nafasi ya mnyama. Sisemi nina ushahidi, nasema swali liko hai.

#11 Babu Samovari
Swali kuwa hai si sawa na jibu kuwepo. Mwanasesere anaweza kuwa mwanasesere tu.

#12 Fundi Redio
Nyie mnagombania kafara, mimi nimesikia siku hiyo ya 1913 watazamaji ndio walitaka kuuana. Walipigiana kelele mpaka wachezaji hawasikii muziki. Ni muziki uliwaudhi, au ni nini? Mimi nasikiliza muziki ule kwenye redio yangu sioni cha kupigania.

#13 Ndege Mtini
Fundi, hapo naomba niingie, maana mimi ni mchezaji, nimepitia Bagamoyo.

Muziki ulikuwa mgeni, sawa, lakini kilichowatoa watu roho ni miguu. Baleti ya wakati ule vidole vya miguu vinatazama nje, mwili unapaa, kila kitu kinakwenda juu. Nijinsky akageuza vidole vitazame ndani, magoti yamepinda, mgongo umeinama, mtu anaruka na kutua kwa kishindo kama anatwanga. Kwa aliyezoea baleti ni kama mtu kaingia msikitini na viatu.

Kwangu mimi haikunishangaza. Goti lililopinda na uzito kwenda ardhini ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa kwenye ngoma. Kilichonishinda ni kuhesabu. Kuna mahali, kabla tu ya sehemu ya kumtukuza yule aliyechaguliwa, mapigo mazito 11 yanafuatana, bum bum bum, yote sawa. Tulijaribu kipande hicho kwenye warsha moja. Kwenye ngoma mpigaji anakupa ishara ya kubadili, unamtazama mkono tu. Pale hakuna wa kukutazama. Nilitoka kwenye pigo la 10. Nikarudia. Nikatoka kwenye la 12. Mwalimu akaniambia nikae nitazame wenzangu 😅

Hata wa kwanza walishindwa. Nijinsky alikuwa amesimama juu ya kiti pembeni ya jukwaa anawapigia kelele za hesabu kwa Kirusi.

#14 Nyuki wa Tabora
Kumbe kulikuwa na mpigaji wa kutazamwa, sema kasimama kwenye kiti.

#15 Profesa Asiye na Cheti
Naunga mkono #13, na ushahidi upo. Aprili 1914 muziki huohuo ulipigwa Paris bila densi, kiongozi wa okestra yuleyule Pierre Monteux, na Stravinsky akabebwa mabegani kwa furaha. Mji uleule, muziki uleule, wachezaji hawapo, ugomvi haupo. Hesabu rahisi.

#16 Fundi Redio
Si rahisi hivyo mkuu. Mbona Stravinsky mwenyewe anasema vicheko vilianza kwenye basuni, ile ala ya kupuliza ya mwanzo kabisa? Pale mwanzoni pazia bado liko chini. Miguu gani waliyoiona kupitia pazia?

#17 Mtoto wa Likoni
Fundi kapiga bao.

#18 Shangazi wa Baridi
Nyote mnasahau usiku ule ulianzaje. Kitu cha kwanza jukwaani kilikuwa Les Sylphides: mabinti wa nguo nyeupe, muziki wa Chopin, mwezi, uchovu mtamu. Watu wamelainika. Halafu unawaletea wanakijiji wenye kofia za manyoya wanakanyaga chini. Ingekuwa ndiyo kazi ya kwanza usiku ule labda wangevumilia.

#19 Mzee Kiki
Jamani hii ilikuwa kiki. Siku moja kabla kulikuwa na mazoezi ya mwisho mbele ya wageni waalikwa, hakuna aliyezomea. Siku ya pili, ukumbi mpya uliofunguliwa mwaka huohuo, matajiri chini, vijana wapenda mambo mapya wamepewa nafasi, vurugu. Na baada ya onyesho Diaghilev alimwambia Stravinsky kwamba ndicho hasa alichokitaka. Mnataka nini zaidi? Maonyesho yaliyofuata kelele zikapungua. Wasanii wetu wamerithi kwa huyo baba.

#20 Ndege Mtini
Diaghilev kufurahi baada ya moto si sawa na kuwasha moto.

#21 Mzee Kiki
Ila kiberiti kilikuwa mfukoni mwake.

#22 Babu Samovari
Na akija mtu kusema "niliona hatua za Nijinsky", hakuziona. Densi yake ilichezwa mara chache sana mwaka 1913, Paris na London. Septemba mwaka huohuo Nijinsky akaoa Buenos Aires, Diaghilev akakasirika akamfukuza, na kazi ikafa naye. 1920 ikatungwa nyingine na Massine. Inayochezwa leo kama ya Nijinsky ilijengwa upya na Millicent Hodson na Kenneth Archer, ikafunguliwa 1987 na Joffrey Ballet huko Marekani. Waliokoteza kwenye michoro ya watazamaji, maandishi ya Marie Rambert aliyekuwa msaidizi, na mavazi yaliyobaki. Ni kama kujenga nyumba kwa kutazama kivuli chake.

#23 Profesa Asiye na Cheti
Na babu ongeza hili, ambalo naona umelikwepa: ile sauti ya basuni ya mwanzo, ambayo kila mtu anaiita "roho ya Urusi", imechukuliwa kwenye kitabu cha nyimbo za Walithuania kilichochapwa Kraków mwaka 1900.

#24 Babu Samovari
Sijaikwepa, sijafika. Lithuania wakati huo ilikuwa ndani ya dola ya Urusi.

#25 Profesa Asiye na Cheti
Tanganyika nayo ilikuwa ndani ya dola ya Mjerumani, sindimba haikuwa ya Kijerumani.

#26 Mla Kashata
Aaah! Kahawa imenipalia.

#27 Mtoto wa Likoni
Basi tuachane na Paris. Mila halisi ya Warusi ni ile wanaume wanachuchumaa wanarusha miguu, hopak. Hiyo haina ubishi.

#28 Babu Samovari
Ina ubishi mkubwa! Hopak ni ya Ukraine. Usimwambie Mwukraine ni ya Kirusi, hasa miaka hii. Kuchuchumaa na kurusha miguu Warusi wanako, wanakuita prisyadka, lakini roho ya kijiji cha Kirusi ni khorovod: watu wameshikana mikono duara, wanakwenda polepole wakiimba, mara nyingi kwa kufuata njia ya jua. Wasichana walikuwa wakizunguka mti wa birchi wiki ya Utatu, mti umefungwa utepe. Polepole, si sarakasi. Ukitaka kuona uzuri wake tafuta kundi la densi la Beryozka. Wanawake wenye magauni mpaka chini wanateleza jukwaani kama wamewekwa juu ya maji, huoni mguu. Hiyo ndiyo mila.

#29 Shangazi wa Baridi
Babu nakupenda lakini hapo nawe umeteleza, na hukuwa juu ya maji. Beryozka ilianzishwa 1948 na Nadezhda Nadezhdina, mchezaji wa baleti aliyetoka Bolshoi. Ule mwendo wa kuelea aliutengeneza yeye. Bibi wa kijijini hakuwahi kutembea vile.

#30 Babu Samovari
Aliutoa kwenye khorovod.

#31 Shangazi wa Baridi
Na Nijinsky alitoa wapi?

#32 Ndege Mtini
Hili lipo kwetu pia. Ngoma ya kijijini inaweza kwenda usiku kucha, mtu anaingia duarani anatoka, anakunywa maji, anarudi. Baada ya uhuru ikapandishwa jukwaani: dakika 7, watazamaji upande mmoja, sare za vitenge, tabasamu. Ninayoicheza mimi ndiyo hiyo ya dakika 7. Siku nilipoicheza mbele ya wazee wa kijiji ilikotoka walipiga makofi sana, halafu mmoja akaniuliza, "Nzuri. Inaitwaje?"

#33 Dada Msondo
Ndege Mtini umenivunja mbavu 😂

Mimi nina swali la harusi. Kuna video nyingine, wanawake wa Kirusi wamevaa kahawia na nyeupe, bibi harusi ana misuko mirefu kama kamba za nanga, wenzake wanaishika huku na huku. Hakuna anayecheka. Mwisho wanawake wanalaza vichwa kimoja juu ya kingine kama mnara. Hiyo ni harusi au msiba?

#34 Babu Samovari
Dada, umegusa ninayoipenda kuliko zote. Hiyo ni Les Noces, Kirusi Svadebka. Stravinsky tena, lakini hatua ni za Bronislava Nijinska, dada yake Nijinsky, Paris 1923. Na kabla mtu hajasema "hakuna ushahidi": maneno yanayoimbwa yametoka kwenye nyimbo za harusi zilizokusanywa vijijini na Pyotr Kireyevsky, karne ya 19. Okestra hakuna. Piano nne, ngoma na kengele, waimbaji. Natalia Goncharova alileta kwanza mavazi ya rangi kali, Nijinska akayakataa. Ndipo ikabaki kahawia na nyeupe.

Misuko ndiyo hadithi yenyewe. Msichana wa Kirusi alikuwa na msuko mmoja. Siku ya kuolewa unafumuliwa, nywele zinasukwa mbili, zinafichwa ndani ya kitambaa, na mwanamume mwingine hazioni tena. Wanaofumua wanaimba na yeye analia, tena kulia kwenyewe ni kazi, kuna maneno yake na mahadhi yake, na kwenye baadhi ya vijiji analetwa mwanamke fundi wa kulia amsaidie. Wana msemo: usipolia mezani utalia nguzoni. Yaani machozi yako yamalize siku ya harusi, vinginevyo utayamwaga ndani ya ndoa.

#35 Dada Msondo
Usipolia mezani utalia nguzoni! Bibi yangu alinifinya siku ya harusi yangu kwa sababu nilikuwa nacheka na shoga zangu. Alisema, "Tazama chini, watu wanakuona umekuja kwa miguu yako." Sikujua ana ndugu Urusi.

#36 Shangazi wa Baridi
Muziki huohuo ameutungia upya Angelin Preljocaj, Mfaransa mwenye asili ya Albania, mwaka 1989. Wanawake watano, wanaume watano, mabenchi, na wanasesere watano wa ukubwa wa mtu waliovaa shela. Wanaume wanawarusha hewani wale wanasesere na kuwadaka, wengine wanaanguka puu. Niliiona kwenye kompyuta nikaizima, nikarudi kesho yake. Na Urusi kwenyewe Tatiana Baganova wa Yekaterinburg, kampuni ya Provincial Dances, ana Svadebka yake. Kila mmoja anaona harusi aliyoiogopa yeye.

#37 Kijiti cha Ubani
Ngojeni kidogo. Nijinska kaonyesha mabinti wanavyoozwa, na kaka yake miaka 10 nyuma kaonyesha binti anavyotolewa kafara. Wazee wamekaa, binti katikati, jamii inatazama. Mbona naona kama ni hadithi moja?

#38 Profesa Asiye na Cheti
Wapo wanaosema hivyo. Na awali Nijinska ndiye aliyekuwa acheze huyo binti wa kafara, akapata ujauzito, nafasi akapewa Maria Piltz.

#39 Babu Samovari
Mwanangu Kijiti, harusi si kafara. Watu walikula, wakalewa, wakacheza siku tatu.

#40 Dada Msondo
Babu, nani aliyekula na kulewa? Bibi harusi au wageni?

#41 Nyuki wa Tabora
Babu ametoka nje kidogo kuangalia samovari.

#42 Kisiki cha Mpingo
Mada imenoga ila mila mmezimaliza. Vitabu je? Kuna hawa wanaocheza riwaya za Kirusi. Nimesoma Anna Karenina, imenichukua miezi 4. Mtu anaichezaje kwa saa mbili bila neno hata moja? Yule Levin akifikiria habari za kufyeka majani na wakulima wake, unachezaje kufikiria?

#43 Shangazi wa Baridi
Hawamchezi. Boris Eifman wa St. Petersburg, toleo lake la 2005, Levin kamwondoa kabisa. Kabaki Anna, mume, na Vronsky. Wachezaji wote mwishoni wanageuka garimoshi, mikono inakwenda kama vyuma vya magurudumu. Maya Plisetskaya alishaicheza Bolshoi mwaka 1972, muziki wa mumewe Rodion Shchedrin.

#44 Kisiki cha Mpingo
Bila Levin hiyo si Anna Karenina, ni umbea wa kituo cha treni.

#45 Ndege Mtini
Kisiki, densi haiwezi kubeba ukoo. George Balanchine, aliyepitia kwa huyohuyo Diaghilev, alisema kwenye baleti hakuna mama wakwe. Jaribu kuonyesha kwa mguu kwamba "huyu ni mama wa mume wangu". Unaweza kuonyesha mapenzi, wivu, uchovu. Ukoo hapana.

#46 Dada Msondo
Mama mkwe wangu ningeweza kumwonyesha kwa bega moja tu.

#47 Fundi Redio
Kuna aliyepata njia ya kuyaweka maneno. Crystal Pite wa Vancouver, Kanada, pamoja na mwandishi Jonathon Young, 2019 walitoa Revisor, imetokana na tamthilia ya Gogol ya 1836. Maneno yamerekodiwa na waigizaji, wachezaji wanane wanafungua midomo kuyafuata, lakini mwili mzima nao unasema, nyusi, vidole, magoti. Mtu akitamka uongo goti linauma. Halafu katikati hadithi inavunjwavunjwa, mavazi yanatoka, sauti inabaki inaelezea miondoko tu, na unagundua ile mizaha ilikuwa imefunika hofu.

Gogol huyo ndiye wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, kwa waliosoma tafsiri ya Kiswahili.

#48 Kisiki cha Mpingo
Mkaguzi Mkuu! Tuliigiza shuleni, mimi nilikuwa postamasta anayefungua barua za watu. Na mwezi uleule tukaambiwa mkaguzi wa kweli anakuja. Tulipaka mawe chokaa wiki nzima, vitabu vya maktaba vilivyofungiwa vikatoka kabatini, hata wali ulikuwa na nyama. Mkaguzi hakuja. Vitabu vikarudi kabatini. Nikiambiwa nicheze kitabu kile, nitapaka jiwe chokaa jukwaani dakika 20, mtaelewa wenyewe.

#49 Mzee Kiki
Hiyo ndiyo densi ya kisasa, tayari umeshakuwa mtunzi. Tafuta wafadhili.

#50 Kijiti cha Ubani
Wakuu asanteni, nimepata zaidi ya nilichouliza na jibu sijapata. Jana nilimwonyesha mama ile video ya ufukweni. Aliitazama yote, kama dakika 35, hajasema neno, na mama yangu si mtu wa kunyamaza. Ilipoisha akauliza, "Na huyo mtoto, mama yake yuko upande gani?" Nikakosa la kumjibu. Kuna mama kwenye hiyo hadithi?

#51 Babu Samovari
Kwenye mpango wa Roerich yupo bikizee wa miaka 300 anayejua siri za ardhi. Wapo wazee. Mama hayupo. Mama wapo kwenye Svadebka, wawili, wa bwana na wa bibi, wanabaki nyumba ikiwa tupu wanawalilia watoto. Mwonyeshe hiyo.

#52 Kijiti cha Ubani
Nitamwonyesha Ijumaa.

#53 Mtoto wa Likoni
Mimi bado nasimamia #3. Kesho naleta ushahidi wa Yarilo.

#54 Nyuki wa Tabora
Kesho ipi?